Mume wa Bibi Subilaga

"Ndoa hii haiandikiki," lilisema Sikio kutoka ukutani. "Bwana harusi ana mke."

Ukumbi mzima wa Rungwe Juu ukanyamaza. Hata wapiga ngoma waliokuwa nje wakipasha ngozi za ngoma zao motoni walisimama kusikiliza. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimejifunga kitenge cha shangazi wa bwana harusi, na jambo la kwanza nililofanya ni kumkazia macho Gwamaka, mtoto wa marehemu kaka yangu, hadi akarudi nyuma.

"Shangazi, haki ya Mungu, sina mke!"

"Anaitwa nani huyo mke?" akauliza Sekela, bibi harusi mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alilishusha tu shada lake la maua, akalishika kama mtu anayeshika mwiko.

"Subilaga Mwambene," likajibu Sikio.

Subilaga Mwambene ni mama yangu mzazi. Kwa Gwamaka ni bibi mzaa baba. Umri wake umepita themanini, na wakati huo alikuwa ameketi kwenye kiti cha bibi harusi, kiti alichokikalia tangu asubuhi akiapa hanyanyuki mpaka alipwe, maana anaporwa mume mchana kweupe. Ndivyo bibi anavyofanya katika harusi ya mjukuu. Usipomwona bibi kwenye kiti, ujue ndani ya ukoo huo kuna ugomvi.

Mama akapiga kigelegele peke yake.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua ipo siku serikali itanitambua!"

Watu wakaangua kicheko, wakapigana mabega, kina mama wa jikoni wakaja mlangoni na miiko yao kuuliza kulikoni. Mimi sikucheka. Mimi najua Sikio linavyofikiri, ndiyo kazi inayonilisha.

Sikio liko kwenye kila ukuta wa mji wetu: kisahani cheusi cha udongo, ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Ukisema fungua, linafungua mlango. Ukisema nimeanguka, linamwita muuguzi. Linatoa dawa, linasimamisha gari la kamba linaloshuka bondeni, linaandika vizazi, vifo na ndoa. Maneno yote linayoyajua tumelifundisha sisi wa Nyumba ya Mifano. Hatulielezi maana. Tunalipatia sentensi tatu fupi kwa kila neno, sentensi ambazo mtoto wa chekechea angezielewa, na kila moja iwe imetokea kweli, na anayeitamka awe ameishuhudia kwa macho yake. Maana linaichota lenyewe humo. Na mfano ukishaingia hautoki, kama chumvi kwenye mchuzi.

Neno mume nililifundisha mimi. Mfano wangu wa pili ulikuwa huu: "Lugano alisema mbele ya ukoo, huyu ni mume wangu, naye akaitika." Sentensi safi. Niliiona ikitokea, na haikuwahi kuleta shida hata siku moja.

"Subilaga alimwita Gwamaka mume wangu mbele ya ukoo," Sikio likaendelea. "Gwamaka aliitika. Amemwita hivyo kila Jumapili tangu Gwamaka alipojua kutembea. Humwuliza: mume wangu, umeniletea nini? Naye hujibu: sukari, mke wangu. Kisha sukari hutolewa."

"Lakini yule ni bibi yake!" nikapiga kelele.

"Najua, Tumpe. Sina mfano unaosema kwamba mtu haoi bibi yake."

Kweli halikuwa nao. Nani angekaa chini akatunga sentensi ya namna hiyo? Lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

"Njia ziko mbili," likasema. "Subilaga na Gwamaka wanaweza kuachana leo. Kisha Subilaga atakaa eda, ili ijulikane kama ana mimba."

Mama akajishika tumbo. Shangwe iliyotoka pale ukumbini sijawahi kuisikia hata siku ya mwaka mpya.

"Au," likasema Sikio, bila haraka, "Subilaga akiri kwamba alisema uongo."

Kicheko kikakatika hapo hapo.

*

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukasimama karibu na mafiga, mvuke wa ndizi za maziwa ukitupiga usoni. Tulikuwa wanne: mimi, Mama, Gwamaka na Sekela. Ukungu wa mlima ulikuwa umeanza kupanda na nyavu za kunasia maji zilikuwa zinadondosha matone juu ya paa.

"Nitakiri," akasema Mama. "Neno moja tu. Nilisema uongo, basi, watoto waoane, tule."

"Mama, unajua likikuandika mwongo inakuwaje?"

"Najua. Kwani mimi mgeni hapa?"

Anayeandikwa mwongo hapigwi faini wala hafungwi. Anakosa kusikika, basi. Jirani yetu Kalebo aliwahi kudai ng'ombe asiye wake. Tangu siku ile husimama mlangoni kwake mwenyewe mpaka apite mtu wa kumsemea fungua. Kalebo angalau ana miguu. Mama anaishi peke yake kwa kupenda kwake, na kifua chake kinabana ukungu ukishuka. Usiku mwingi husema "Sikio, pumzi," na kile kisahani humpulizia dawa. Akiandikwa mwongo, ataita pumzi na ukuta utakaa kimya.

"Bibi, hapana," akasema Gwamaka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Ni kijana mkubwa, anafunga injini za magari ya kamba, lakini mbele ya Mama hurudi kuwa mtoto. "Nitakuja kulala kwako. Nitakusemea mimi."

"Ukalale kwangu na wewe una mke mpya? Huyo mke mwenzangu atanielewaje?"

Sekela alikuwa amepandisha gauni lake jeupe ili lisiguse majivu. "Bibi," akasema, "mimi kwa bei hiyo siolewi. Chakula waleni, ngoma chezeni, mimi nitarudi kwa mama yangu mpaka jambo hili lipate dawa. Nimemsubiri Gwamaka miaka mitatu, hata wa nne nitausubiri."

Mama akamtazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Tumpe, huyu tusimwache aondoke. Huyu ana akili kuliko mume wetu."

Nilimpenda Sekela pale pale, na hasira zikanipanda kwa ajili yake. Neno tulilolihitaji kila mtu alilijua, hata watoto waliokuwa wakiiba vitumbua nyuma yetu. Utani. Lifundishe Sikio utani, mambo yamekwisha. Lakini utani ni neno moja kati ya machache ambayo waasisi wa Sikio waliyaacha tupu kwa makusudi. Halina mfano hata mmoja, na kulijaza kunahitaji sauti mbili: ya mtunga mifano, na ya mkuu wa Nyumba ya Mifano. Mtunga mifano alikuwa mimi. Mkuu alikuwa ndani ukumbini, amevaa suti ya kijivu, akisubiri kula kama wageni wengine.

*

Bwana Mwalukasa, mkuu wetu, hakuniacha nimalize.

"Hapana."

"Hujasikia bado ninachoomba."

"Umekuja na uso wa kuomba utani. Hapana." Tulikuwa kwenye chumba cha kuwekea viti, na alikaa juu ya rundo la viti hivyo kwa heshima zake zote, miguu haigusi chini. "Kwanza ni mama yako. Ungekuwa mama wa mtu mwingine ungenikimbilia hivi?"

"Ningekukimbilia. Labda ningetembea kidogo."

Hakutabasamu. Namjua Bwana Mwalukasa tangu nikiwa mwanafunzi wake. Ni mtu anayesoma sentensi yako mara tatu kabla ya kukusalimia, na bado ndiye aliyelia nilipomzika kaka yangu.

"Sikiliza, Tumpe. Leo ukiliambia Sikio kwamba kuna maneno yasiyo ya kweli ambayo si uongo, kesho Kalebo atakuja kusema kwamba alipodai yule ng'ombe alikuwa anatania. Keshokutwa daktari atamwambia mgonjwa umepona, akibanwa atasema ni utani. Na lenyewe je? Sikio likijua utani, litaanza kutania. Tutakaa na ukuta unaosema yasiyo kweli."

"Watu wamekuwa wakitaniana tangu enzi, na ulimwengu haujaanguka."

"Watu, ndiyo." Nje ngoma zilijaribiwa, zikaachwa. "Nikueleze jambo. Nilipokuwa kijana nilikwenda kufanya kazi mbali. Zamani zile zilikuwepo mashine za maneno matamu, unazisikia tu. Mama yangu alinunuliwa moja imfariji. Ikajifunza sauti yangu. Kila jioni ikawa inampigia simu: Mama, umeshindaje, mimi mwanao, nimekula, nimeshiba. Mimi nilikuwa na uvivu wa kupiga, na kila nilipopiga nilimkuta ana furaha, kwa hiyo nikazidi kuzembea. Alikufa akiamini tulizungumza jana yake."

Nikamshika mkono.

"Alikuwa akicheka, Tumpe. Nilionyeshwa. Mazungumzo ya miaka, na mama yangu anacheka. Na hakuna hata neno moja nililolisema mimi. Ndiyo maana mimi silijazi neno lile. Siyo kwamba sipendi kucheka."

Hapo ningeweza kuinuka nikaenda kumwambia Mama akiri. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na uongo uliomfurahisha mama yake ulikuwa uongo hata hivyo. Niliona kifua cha Mama kikibana gizani, na upande mwingine nikamwona yule mama na simu yake, nami sikujua mizani ielemee wapi. Kisha nikauliza swali ambalo mtunga mifano huuliza kila siku mbele ya kila sentensi: nani alijua nini?

"Mama yako alijua kuwa si wewe?"

"Ningekueleza haya yote kama alijua?"

"Mama yangu anajua kwamba Gwamaka si mumewe. Gwamaka anajua. Mpaka ng'ombe wetu wanajua. Akimwita mume wangu wanacheka wote wawili, na anayetaniwa hapungukiwi kitu, tena mama yangu anaondoka na sukari. Kalebo alipodai ng'ombe, mwenye ng'ombe alijua ni mchezo? Alicheka? Utani hauombwi baada ya kosa, Bwana Mwalukasa. Uwe umejulikana kabla, kwa wote wawili. Ile mashine haikumtania mama yako. Ilimnyang'anya mwanawe."

Mpishi mmoja alifungua mlango, akatuona, akaufunga tena kwa adabu.

"Ukikosea, mfano hautoki," akasema Bwana Mwalukasa mwishoni.

"Najua."

"Sentensi tatu. Mbili utasema wewe." Akateremka kutoka kwenye viti, akakung'uta suti. "Ya tatu nitasema mimi."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Habari ilikuwa imeshuka na gari la kamba, na waliokuwa hawakualikwa wakajialika. Mama alikuwa bado kwenye kiti. Nilisimama mbele ya kisahani cheusi, nikaweka kiganja ukutani kama tunavyofanya. Nimetunga mifano ya maji, ya daraja, ya homa, ya kesho. Sijawahi kuogopa neno kama lile.

"Sikio," nikasema, "nalijaza neno utani."

"Neno utani ni tupu. Nasikiliza."

"Mfano wa kwanza. Bibi Subilaga humwita mjukuu wake mume, na wote wawili wanajua kwamba si mume."

"Umeona?"

"Nimeona kila Jumapili."

"Endelea."

"Mfano wa pili. Gwamaka alimwambia Bibi kwamba sukari imekwisha duniani, Bibi akacheka, kisha akapewa sukari yake."

Kina mama wakaguna kwa furaha, wanaikumbuka siku hiyo. Nikasogea. Bwana Mwalukasa akaweka kiganja chake pale nilipotoa changu. Sauti yake, ambayo darasani husikika hadi barabarani, ilitoka ndogo.

"Mfano wa tatu. Mashine iliiga sauti ya mtoto, mama akacheka, lakini mama hakujua. Huo haukuwa utani."

"Umeona?" likauliza Sikio.

"Mtoto ni mimi."

Sikio lilikaa kimya, na lilipokaa kimya milango yote ya mji ilikaa kimya pamoja nalo. Nilisikia mtu akinung'unika nje kwamba choo hakifunguki.

"Nimepata," likasema. "Utani ni neno lisilo kweli. Anayelisema anajua. Anayeambiwa anajua. Anayeambiwa hapotezi kitu. Swali: nitajuaje kwamba anayeambiwa anajua?"

Nilimtazama Bwana Mwalukasa. Naye alinitazama mimi.

"Muulize," nikasema. "Asipojua, au akikaa kimya, si utani. Na kama ni mtani kweli, hutahitaji kumwuliza. Utamsikia akicheka kicheko cha mtu anayejua."

"Nimepata. Subilaga, Gwamaka ni mume wako?"

"Huyu?" akasema Mama. "Na masikio yale? Mume wangu alikuwa mzuri, alizikwa kule Masoko, Mungu amlaze pema. Huyu ni mjukuu, namtania."

"Gwamaka, ulijua?"

"Nilijua, Sikio. Tangu mdogo."

"Basi Gwamaka hana mke," likasema Sikio. "Subilaga hajasema uongo. Ndoa inaandikika."

Sijui nani alianza. Vigelegele vilipasuka kila upande, ngoma zikaingia ndani bila kuombwa, Gwamaka akamnyanyua Sekela na shada lake na kumzungusha mpaka maua yakamwagika. Mimi nililia wazi wazi, sikuona haya. Mama aligoma kunyanyuka mpaka Sekela alipokuja mwenyewe, akapiga magoti, akamfungia kwenye pindo la kanga sukari aliyokuwa ameificha kwenye mkoba wa harusi tangu nyumbani. Kumbe alikuwa amejiandaa kulipa.

"Mke mwenzangu," akasema Mama, akinyanyuka kwa mkongojo, "nakuachia. Lakini ujue anakoroma."

Sikio liliwaandika. Ilichukua muda wa kupepesa macho. Watu wakaanza kusogea kwenye chakula, na hapo ndipo Mama, badala ya kwenda kula, alipokongoja hadi ukutani, akaukabili ule udongo mweusi uso kwa uso.

"Na wewe," akaliambia Sikio. "Umeniachisha mume mchana kweupe. Miaka yote unakaa ukutani kwangu, unasikia ninavyokoroma, unanipulizia pumzi. Basi wewe ndiye mume wangu sasa. Umeniletea nini?"

Niliganda na sahani mkononi. Bwana Mwalukasa akashika ukingo wa meza. Waliokuwa karibu wakasikia, wakawaziba midomo waliokuwa mbali, na ukimya ukaenda nyuma hadi kwa wapiga ngoma.

"Sukari, mke wangu," likasema Sikio. "Gunia zima. Nimelibeba begani."

Sikio halina bega. Halina gunia. Katika miaka yote ya mji wetu hilo lilikuwa neno la kwanza lisilo kweli kutoka ukutani, nami niliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja.

"Tumpe," likaniita, na naapa sauti ilikuwa ile ile ya kutangaza mvua. "Subilaga amecheka?"

Mama hakuwa amecheka. Alikuwa ameuma midomo, mashavu yamevimba, macho yanameremeta. Namfahamu mama yangu. Alikuwa analitania Sikio mara ya pili, analiacha lisubiri.

"Sijamsikia," likasema Sikio. "Asipocheka, nimesema uongo. Nitajiandika mwongo."

"Mama!" nikasema kwa sauti ya chini. Nilikuwa nawaza milango yote, dawa zote, magari ya kamba yaliyoning'inia na watu ndani, na Sikio lisilosikika tena. "Mama, tafadhali!"

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kimoja: bado.

"Subilaga," likasema Sikio, "gunia ni zito."

Hapo Mama alishindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, kikambana kifua, akaanza kukohoa na kucheka pamoja, akashikilia ukuta kwa mikono miwili. "Pumzi," akasema, "pumzi, mume wangu!" na kile kisahani kikampulizia dawa hapo hapo, naye akaivuta na kuendelea kucheka.

Nilifungua mdomo nijibu, nikachelewa. Mtu mwingine akajibu kwa niaba yangu. Alikuwa Bwana Mwalukasa, amesimama katikati ya ukumbi, anafuta macho kwa tai ya suti yake ya kijivu.

"Amecheka, Sikio," akasema. "Tena alikuwa anajua."